Ufundi wa sauti jukwaani si kukodi spika tu

WAPENZI wa maigizo wanapotoka ukumbini aghalabu huwa na mengi ya kusimulia. Atasifiwa mwigizaji aliyewatoa watu machozi, yatatajwa maleba, itazungumziwa mandhari ya jukwaa na hata taa zilizogeuza mchana kuwa usiku. Ni nadra mno kumsikia mtazamaji akisema alipendezwa na jinsi mvua ilivyonyesha. Ilhali mvua ilinyesha, naye aliiamini, na pengine alijikunyata kitini bila kujua.

Hiyo ndiyo hali ya fani ya ubunifu wa sauti katika tamthilia. Ikifanywa vyema, hakuna anayeitambua. Ikifanywa vibaya, hakuna asiyeitambua. Bastola ikilia sekunde mbili baada ya anayeuawa kuanguka, mkasa hugeuka kichekesho, na watazamaji wataendelea kucheka chinichini hata marehemu akisomewa wasifu wake.

Hapa nchini, kazi hii kwa kawaida huachiwa mwenye spika. Huyu huitwa siku moja kabla ya onyesho, au asubuhi ya siku yenyewe, akitoka kwenye harusi au mkutano wa hadhara. Hupanga masanduku yake mawili pande mbili za jukwaa, husimamisha maikrofoni mbili tatu mbele, husema “moja, mbili, moja, mbili”, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Hajaisoma tamthilia. Hajui ni nani atakayenong’ona wala ni wapi atakaponong’onea. Simlaumu, maadamu hakuna aliyempa nakala wala kumwalika mazoezini. Matokeo yake ni kwamba mtunzi aliyehangaika mwaka mzima na maneno yake huyaona yakimezwa na mwangwi, na mtazamaji aliyelipa kiingilio hurudi nyumbani akiwa amesikia nusu ya mchezo.

Makala haya yanadhamiria kueleza kazi hiyo ni ya namna gani inapofanywa na mtu aliyeielewa.

Kwa muhtasari ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kuhakikisha kwamba maneno ya waigizaji yanamfikia kila aliyeketi ukumbini, awe safu ya mbele au ya mwisho. Upande wa pili ni kuujenga ulimwengu wa tamthilia kwa njia ya masikio: ngurumo, lango linalofunguliwa, muziki wa jirani, umati wenye hasira ulio nje na ambao hatutauona kamwe. Pande hizi mbili hugombana mara kwa mara, kwa sababu mvua inayosadikika ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuyafunika maneno. Mbunifu wa sauti ndiye msuluhishi.

Sauti iliyo katika maandishi

Mbunifu haanzi kwa kuwasha mtambo bali kwa kusoma. Tuchukue mfano wa tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1963. Katika usiku wa kuamkia mauaji ya Kaizari, radi na ngurumo hazikomi. Maelezo ya jukwaani ni maneno machache tu, na mwanafunzi huyaruka upesi ili ayafikie mazungumzo. Mwenye kushughulikia sauti hana ruhusa ya kuyaruka. Casca anaingia akihema, upanga mkononi, amejaa hofu. Cassius naye anatembea katika dhoruba hiyo hiyo kifua wazi, kana kwamba anaichokoza. Ngurumo moja sharti iwe tishio kwa huyu na mwaliko kwa yule. Je, imkatize Casca katikati ya usemi au imsubiri amalize? Iwe ya mbali inayokaribia, au ipasuke juu ya vichwa vya watazamaji? Hayo ni maswali ya uelekezi, na jibu lake ni sauti.

Baadaye kidogo, wala njama wakiwa nyumbani kwa Brutus, saa inagonga nao wanaihesabu. Wahakiki wamecheka sana hapo kwa kuwa Warumi wa kale hawakuwa na saa za kugonga. Mbunifu hana nafasi ya kucheka. Saa ya Shakespeare hugonga mara tatu. Kwa hesabu ya Kizungu hiyo ni saa tatu baada ya usiku wa manane, lakini kwa Mswahili ni saa tisa ya usiku. Onyesho likiwa la Kiswahili, hadhira isikie milio mitatu au tisa? Milio tisa ni mingi na huchosha. Mitatu inaweza kumchanganya mtazamaji aliye makini. Kuna atakayeamua kutumia jogoo badala ya saa. Vyovyote iwavyo, uamuzi huo haustahili kufanywa na mtu aliyefika saa nne asubuhi na gari la spika.

Mfano mashuhuri zaidi wa sauti iliyoandikwa na mtunzi unapatikana katika tamthilia ya Mrusi Anton Chekhov, The Cherry Orchard, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow Januari 1904. Katika sehemu ya pili, watu wameketi nje jioni, mazungumzo yamekwisha, ghafla husikika kwa mbali sauti inayofanana na uzi wa ala ya muziki unaokatika. Wanaduwaa. Mmoja anadhani ni ndoo iliyokatika kamba ndani ya mgodi, mwingine anadhani ni ndege wa majini, wa tatu anasema labda ni bundi. Mtunzi hatoi jibu. Sauti hiyo inarudi mwishoni kabisa, wakati mtumishi mzee amesahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa na mashoka yanaikata miti ya shamba.

Kwa zaidi ya karne moja sasa wabunifu wamekuwa wakiumiza vichwa juu ya mlio huo mmoja. Ukitumia uzi halisi wa gitaa, hadhira itafikiri kuna mpiga gitaa nyuma ya pazia. Ukiuongezea mwangwi mwingi, utakuwa mlio wa filamu ya majini na mashetani. Lazima ufanane na ndoo, ndege na uzi kwa wakati mmoja, na usiwe hata kimoja kati ya vitu hivyo. Kwa maoni yangu huu ndio mtihani bora zaidi wa kumpima anayejiita mbunifu wa sauti, na haugharimu mtambo wowote wa bei ghali.

Chekhov mwenyewe alikuwa mkali katika jambo hili. Mwelekezi wake, Konstantin Stanislavski, alipenda sana kujaza jukwaa kwa milio ya vyura, ndege na treni. Mnamo Novemba 1903 Chekhov alimwandikia barua akimkumbusha kwamba tukio lile linatokea msimu wa kukata nyasi, na kwamba wakati huo vyura huwa wamenyamaza na ndege aliyekusudiwa pia haliii tena. Treni nayo, aliongeza, ingekubalika iwapo tu ingepita bila kelele yoyote. Yule hakuwa mtunzi mwenye kisirani. Alijua kwamba mtu aliyekulia mashambani angesikia kosa hilo mara moja na asingeiamini tena tamthilia.

Funzo hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Siku hizi milio hupakuliwa kutoka kwenye mtandao, na mingi ilinaswa Ulaya au Marekani. Ndiyo maana utaketi ukumbini kutazama mchezo wa kijiji cha Kakamega na kusikia alfajiri ndege ambao hawajawahi kutua Kakamega tangu dunia iumbwe. Utasikia king’ora cha polisi wa New York kikimfuata mhalifu wa Nairobi. Alfajiri ya Nairobi ina sauti yake: kwarara wanaopita juu ya mapaa wakipiga kelele, mlango wa mabati wa kioski, honi ya matatu ya kwanza. Alfajiri ya Mji wa Kale wa Mombasa ina adhana kutoka misikiti kadhaa, zikipishana kwa muda mfupi wala hazilingani. Mwenye simu ya mkononi anaweza kuinasa mojawapo ya alfajiri hizo bila malipo, mradi awe tayari kuamka.

Ngurumo za mbao na mizinga

Kabla ya umeme, mafundi wa Ulaya walikuwa na mashine za kila aina. Upepo ulitengenezwa kwa pipa la mbao lenye mbavu, likizungushwa huku kitambaa kizito kikilisugua. Mvua ilikuwa punje kavu za njegere ndani ya sanduku. Radi ilikuwa bati jembamba lililoning’inizwa na kutikiswa. Katika ukumbi wa Bristol, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1766, kuna mifereji ya mbao juu ya dari ambamo tufe nzito huviringishwa, na jengo zima hutetemeka. Ukumbi huo ulipotimiza miaka 250, mwaka 2016, mifereji hiyo ilitumiwa tena katika dhoruba ya King Lear.

Ubora wa mashine hizo haukuwa katika kufanana na ngurumo ya kweli tu. Ulikuwa katika mikono iliyoziendesha. Fundi alikuwa akimtazama mwigizaji, akiisikia pumzi yake, na akiitoa ngurumo pale hasa ilipohitajika usiku huo. Mwigizaji akichelewa, ngurumo ilichelewa pamoja naye. Sauti iliyorekodiwa haina adabu hiyo. Itaanza inapoanzishwa na kwisha inapokwisha, hata kama mwigizaji amesahau maneno yake.

Hatari nazo zilikuwepo. Tarehe 29 Juni 1613, katika ukumbi wa Globe jijini London, mzinga ulifyatuliwa kuashiria kuwasili kwa mfalme katika tamthilia ya Henry VIII. Cheche ziliangukia paa la nyasi na ukumbi wote ukateketea. Hakuna aliyefariki, inasimuliwa kuwa mtu mmoja suruali yake ilishika moto na akazimwa kwa chupa ya pombe. Ni mlio mmoja wa jukwaani ulioangamiza ukumbi mashuhuri zaidi wa Shakespeare.

Afrika ilishika njia tofauti, na pengine bora zaidi. Katika maonyesho yetu ya jadi mpiga ngoma hajifichi. Yumo uwanjani, anaonekana, na mchezaji humjibu kwa miguu kama naye anavyomjibu kwa mikono. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya marehemu Ngugi wa Thiong’o na marehemu Ngugi wa Mirii, iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, ilifuata njia hiyo. Jukwaa lilikuwa la wazi, lililojengwa na wakazi wenyewe, na nyimbo zilikuwa sehemu ya hoja ya mchezo. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Kwa nini wa safu ya nyuma hasikii

Turudi kwa yule mtazamaji wa safu ya mwisho. Sauti inaposafiri mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu yake hupungua kwa desibeli 6. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa takriban desibeli 60 akipimwa kutoka mita moja. Mita nne mbali zimebaki 48, na mita 16 zimebaki 36, kiwango ambacho feni ya darini au gari lililoko barabarani huweza kukifunika. Mvua ikinyesha juu ya paa la mabati, mazungumzo yamekwisha.

Wagiriki wa kale walilijua tatizo hili. Ukumbi wa Epidaurus, uliojengwa karne ya nne kabla ya Kristo, huketisha maelfu ya watu kwenye ngazi za mawe bila mtambo wowote. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya Georgia Tech nchini Marekani walieleza kwamba ngazi zile hupunguza sauti nzito, ambazo ndizo sauti za manung’uniko ya umati na upepo, na kuziacha sauti nyembamba za usemi zipite.

Katika kumbi zilizofunikwa, kuta husaidia kwa kuirudisha sauti ndani, lakini msaada ukizidi huwa adha. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard kilimwomba mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, aokoe jumba la mihadhara ambalo hakuna aliyeelewa kilichosemwa ndani yake. Aligundua kuwa neno moja liliendelea kuvuma kwa sekunde tano na nusu, kwa hivyo mhadhiri alikuwa akishindana na maneno yake mwenyewe. Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti usiku kutoka jumba jingine, wakaipanga ndani, wakapima tena na tena. Kutokana na mito hiyo ikazaliwa kanuni ya kupimia mwangwi ambayo wajenzi wanaitumia hadi leo. Sabine alithibitisha pia kwamba mwili wa binadamu na mavazi yake hunyonya sauti. Anayepima sauti katika ukumbi mtupu saa nane mchana asishangae kuikuta imebadilika saa moja jioni watu wakishaketi.

Mwangwi huua nini hasa? Huua konsonanti. Irabu ni nzito na zina nguvu. Konsonanti nyingi ni hafifu, na nguvu zao zimo katika sauti nyembamba, takriban kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kiswahili kinaumia zaidi hapa kwa sababu karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Tamka “kaka”, “kata”, “kasa” na “kapa” katika ukumbi wa kuta tupu za saruji. Irabu zote nne ni zile zile, nazo huvuma. Kinachotofautisha ndugu na kobe wa baharini ni konsonanti moja ndogo katikati, na hiyo ndiyo inayozama kwanza. Mtazamaji husikia kwamba kuna mtu anasema, ila hasikii anasema nini.

Hapo ndipo mwenye spika hufanya lile kosa la kawaida. Anaona watu wa nyuma wanainua shingo, anaongeza sauti. Lakini ameongeza irabu pamoja na konsonanti, na mwangwi pia umeongezeka. Safu ya mbele wanaziba masikio na ya nyuma bado hawaelewi. Akizidi, spika huanza kupiga ule mluzi mkali tunaoufahamu kutoka mikutano ya kisiasa, kwa kuwa maikrofoni sasa inaisikia spika na kuirudishia sauti yake yenyewe.

Dawa ni kuisogeza spika karibu na msikilizaji, si kuongeza ukali. Spika ndogo kadhaa zilizopangwa ukumbini, kila moja ikisema kwa upole, hushinda mbili kubwa zinazofoka. Ila kuna mtego. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali umeme katika waya hufika papo hapo. Aliyeketi mita 17 kutoka jukwaani ataisikia spika iliyo juu ya kichwa chake kabla ya sauti ya mwigizaji mwenyewe, ambayo itachelewa kwa milisekunde 50, yaani sehemu 50 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Atamwona mwigizaji mbele, ampokee kutoka darini.

Mjerumani Helmut Haas alichapisha utafiti wake kuhusu jambo hili mwaka 1949. Aligundua kwamba sikio humwamini aliyetangulia. Sauti ile ile ikifika mara ya pili ndani ya takriban milisekunde 30, ubongo hauihesabu kuwa ya pili, bali huiunganisha na ya kwanza na kuona kwamba yote imetoka kule ilikotoka ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi. Kwa hivyo mbunifu huichelewesha spika ile kwa makusudi, milisekunde 50 za umbali na nyingine 10 au 15 juu yake. Mwigizaji anatangulia, spika inamfuata kwa nyuma ikimsaidia. Mtazamaji husikia vizuri na kuapa kwamba ukumbi huo hauna spika. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Yapo maonyesho yasiyohitaji lolote kati ya haya. Mwaka 2012 kundi kutoka Nairobi lilikwenda London kuigiza kwa Kiswahili The Merry Wives of Windsor, lililopewa jina Wanawake wa Heri wa Windsa, katika ukumbi wa Globe uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa kale. Huko paa ni la nyasi, katikati ni wazi, na waigizaji hutegemea vifua vyao. Mwelekezi anayekimbilia maikrofoni kabla ya kuwafunza waigizaji wake kupumua na kutamka ameanzia mwisho wa kazi.

Kazi inavyofanywa

Mbunifu akishasoma, huandika orodha ya kila sauti, ukurasa inapoanzia, neno linaloiita na neno inapokomea. Kisha huhudhuria mazoezi. Hapo hugundua kwamba mwigizaji huchukua hatua saba kufika mlangoni na si nne, kwa hivyo hodi lazima isubiri. Hugundua pia milio isiyohitajika, na kuifuta ni nusu ya kazi yake.

Pahali sauti inapotokea ni muhimu kama sauti yenyewe. Redio iliyo mezani ikitangaza mapinduzi, tangazo litoke mezani, kwenye kispika kidogo kilichofichwa ndani ya redio hiyo au chini ya kitambaa. Likitoka kwenye masanduku makubwa ya pembeni, hata mtoto atajua kuwa redio ni ya uongo. Vivyo hivyo mbwa wa jirani abweke nyuma ya ukuta wa jirani.

Kuna hila moja ya zamani ambayo bado naistahi. Nyenje huanza kulia mwanzoni mwa onyesho la usiku, kwa sauti ya chini mno. Baada ya dakika mbili hadhira imeshawasahau. Mtu asiyetarajiwa anapokaribia uwanjani, nyenje hunyamaza kwa ghafla. Watazamaji huinua vichwa kabla hajaonekana mtu, na wengi wao hawajui ni kipi kilichowashtua. Kimya kikiandaliwa vizuri hushinda ngurumo.

Siku ya onyesho, msimamizi wa jukwaa huketi na nakala yenye nambari za sauti na taa, akitoa ishara kwa kila moja. Zamani fundi alikuwa na kanda kadhaa mkononi, akiomba Mungu zisikatike. Leo kazi hiyo hufanywa kwa tarakilishi. Programu inayotumika sana, QLab, ilitoka mwaka 2006 na huiwezesha sauti moja kuanza, nyingine kufifia na ya tatu kuhamia upande wa pili kwa kubonyeza kitufe kimoja. Imeleta wepesi, na pia uvivu. Wapo wanaoamini kwamba kwa vile sauti mia moja zinawezekana, basi zote zitumike.

Ni nani anayehesabiwa kuwa msanii?

Cheo hiki ni kichanga. Dan Dugan ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuitwa mbunifu wa sauti nchini Marekani, katika ukumbi mmoja wa San Francisco msimu wa 1968-69. Broadway, sifa hiyo humwendea Abe Jacob aliyeshughulikia Jesus Christ Superstar mwaka 1971. Tuzo za Tony, zilizo kubwa kuliko zote katika tamthilia za huko, zilianza kuwatuza mwaka 2008. Mwaka 2014 kamati ikatangaza kwamba inaifuta tuzo hiyo. Miongoni mwa sababu zilizoripotiwa ni kwamba wapigakura wengi hawakujua ubunifu wa sauti ni nini wala jinsi ya kuupima. Wahusika walilalamika vikali, wakisema kwamba kutoelewa kwa hakimu si kosa la mshtakiwa. Mwaka 2017 ikatangazwa kuwa tuzo inarudishwa, na ikatolewa tena mwaka 2018.

Katikati ya mzozo huo lilizuka onyesho lililomaliza ubishi. Kundi la Complicité la Uingereza lilizindua The Encounter mjini Edinburgh mwaka 2015. Kila mtazamaji alivaa visikilizio masikioni, na jukwaani kulikuwa na maikrofoni yenye umbo la kichwa cha mtu. Mwigizaji Simon McBurney alipokinong’oneza kichwa hicho katika sikio la kushoto, ukumbi mzima uligeuka kushoto ukidhani kuna mtu nyuma. Kwa sauti tu aliwapeleka watu hadi msitu wa Amazon. Wabunifu wake, Gareth Fry na Pete Malkin, walipewa tuzo maalumu ya Tony mwaka 2017, kabla hata ile ya kawaida haijarejeshwa.

Kwetu mjadala haujafika kwenye tuzo. Uko kwenye karatasi ya ratiba inayogawiwa mlangoni. Humo utamkuta mtunzi, mwelekezi, waigizaji wote, aliyeshona maleba, wakati mwingine hata aliyeleta chai. Aliyeshughulikia sauti hatajwi, au huandikwa kwa jina la kampuni iliyokodisha vifaa. Kijana mwenye kipaji cha kusikia hawezi kujua kwamba hiyo ni kazi ya mtu, na kwamba anaweza kuisomea au kujifunza kwa aliyemtangulia.

Walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa tamasha za drama wanaweza kuanza na walicho nacho. Mwanafunzi mmoja apewe nakala na kalamu, aitwe kwa cheo chake, ahudhurie mazoezi yote kama mwigizaji mkuu. Atumwe sokoni, kituoni na mtoni kunasa sauti kwa simu ya mwalimu. Kisha kila jioni ya mazoezi aende akaketi safu ya mwisho kabisa, mgongo ukutani, afumbe macho na kuandika kila neno ambalo hakulisikia. Orodha hiyo imfikie mwelekezi siku hiyo hiyo, wakati bado kuna muda wa kumgeuza mwigizaji uso, kupunguza ngoma au kufuta mvua, kwa sababu asubuhi ya mashindano mwenye spika atakuwa ameshapanga masanduku yake.